Nje Ukungu, Ndani Kiu: Maji kwenye Mashine ya Kutotolesha Vifaranga

Bwana mwenyekiti, afisa mifugo wetu wa kata, baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa kule kwenye magogo: kamwene. Wazee wangu, shikamooni. Karibuni sana hapa uani kwangu. Baridi ya leo ya Njombe mnaiona wenyewe, ndiyo maana nimewasha majiko mawili. Sogeeni, chai inazunguka.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie kutotolesha vifaranga nyumbani aliniambia nieleze yote, tangu kuchagua yai mpaka chanjo. Nimemwomba aniwie radhi, yote hayaishi leo. Nitasema jambo moja tu, nalo ni maji. Nimepita kwenye nyumba nyingi za humu ndani. Nakuta mashine nzuri, joto liko sawa, jogoo wa uhakika wapo, lakini siku ya ishirini na mbili mwenye mashine anavunja mayai moja moja na kukuta vifaranga waliokamilika, wana manyoya, wana kucha, wana ile ncha nyeupe ya mdomoni ya kutobolea ganda, na wote wamekufa. Wiki tatu za umeme wa Luku, wiki tatu za kuamka usiku kuangalia kipimajoto. Hilo linaniuma, kwa sababu kifaranga aliyefika siku ya ishirini hakufa kwa kukosa mbegu. Aliishi karibu safari yote, akafia mlangoni. Na mara nyingi kilichomuulia mlangoni ni maji: yalimzidi au yalimpungukia.

Tuanze na yai lenyewe. Ganda la yai tunaliona gumu, zima, kama kikombe. Sivyo lilivyo. Lina vitundu vidogo sana, maelfu, jicho halivioni. Kupitia humo hewa safi inaingia na mvuke wa maji unatoka, mchana na usiku. Kadiri maji yanavyotoka, ndani panabaki nafasi, na nafasi hiyo inakusanyika upande butu wa yai. Hicho ndicho chumba cha hewa, kile mnachokiona mkimulika yai kwa tochi. Siku ya kumi na tisa au ishirini kifaranga anatoboa utando wa chumba hicho kwa mdomo na kuvuta pumzi yake ya kwanza kwa mapafu. Pumzi ya kwanza haitoki nje, inatoka humo chumbani. Baada ya hapo ndipo anaanza kulitoboa ganda.

Sasa fikirini. Kama yai halikupoteza maji ya kutosha, chumba ni kidogo na kifaranga amevimba kwa maji. Akitoboa anakosa nafasi na anakosa hewa, anazama ndani ya yai lake. Kama limepoteza maji mengi mno, kifaranga anadhoofika, utando unakauka na kumbana, hawezi hata kujigeuza akate ganda kwa mzunguko. Kwa hiyo lile neno tunaloambiana, "weka maji yai lisikauke", si neno la kweli. Yai lazima likauke, ila kwa kiasi chake. Yai la kuku, kutoka siku ya kwanza mpaka ya kumi na nane, linatakiwa lipoteze asilimia 12 hadi 14 ya uzito wake. Na si kuku peke yake. Waliopima mayai ya ndege wa aina nyingi, wadogo kwa wakubwa, wameona wastani wa kama asilimia 15 kwa kipindi chote cha kuatamia.

Tuweke kwenye trei. Mayai 30 ya kuku wetu wa kienyeji, tuseme yana gramu 1,260, yaani gramu 42 kila moja. Asilimia 13 ya hapo ni kama gramu 164. Hayo ni maji zaidi ya nusu glasi yanayotakiwa kutoka kupitia maganda kwa siku kumi na nane, polepole. Kazi ya maji unayoweka chini ya mashine ni kuipunguzia hewa kasi ya kuyanyonya mayai. Maji ya sinia hayaingii ndani ya yai hata tone.

Mimi nilijifunza kutotolesha nikiwa Kigamboni, Dar es Salaam. Aliyeniuzia mashine aliniambia jaza mifereji yote miwili ya maji, siku zote, isikauke. Nikatii. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, kuta za chumba zinatoka jasho. Kati ya mayai 40 yenye mbegu nilipata vifaranga 13. Waliobaki nilivunja maganda yao mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda nje, na siku hiyo nilipasua kila yai nikaangalia. Chumba cha hewa kilikuwa kidogo, kama kucha ya kidole gumba. Kifaranga ni mnene, laini, ukimbonyeza shingoni kama sponji. Mdomo uko ndani ya ute. Na hata wale 13, wengine vitovu vyao havikufunga vizuri, wakafa ndani ya juma.

Awamu iliyofuata nikafanya kitu ambacho majirani walinishangaa: sikuweka tone la maji mpaka siku ya kumi na nane. Mayai 38 yenye mbegu, vifaranga 33. Nikasema nimeshaijua siri, maji hayatakiwi.

Kisha nikahamia hapa Njombe. Nikaja na mashine ileile na siri yangu ileile. Nilifika Juni mwishoni, ukungu mpaka saa nne asubuhi, majani yanachuruzika, nguo zinakaa kambani siku tatu hazikauki. Nikajiambia, kama Kigamboni palitosha bila maji, hapa kwenye unyevu wote huu ndiyo kabisa. Nikaweka mayai 42, yenye mbegu yakawa 31. Vifaranga tisa. Nikakaa tena kwenye kigoda, nikapasua, na safari hii nikakuta kinyume chake. Chumba cha hewa kikubwa, kimekula karibu theluthi ya yai. Vifaranga wadogo, wepesi. Wengine walikuwa wameshatoboa ganda, tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, wakaishia hapo. Utando kwenye lile tundu ulikuwa mkavu, umekuwa kama ganda la nje la kitunguu, umegandamana na manyoya. Mmoja nilimbandua utando ukatoka na manyoya yake.

Hapo ndipo nilipoumia kichwa. Nje maji matupu, ndani ya mashine ukame. Inakuwaje?

Jibu nililipata jikoni, na kila mama aliye hapa analijua. Mwezi wa saba nepi za mtoto zinakaukia wapi Njombe? Unawasha jiko la mkaa, unafunika tenga juu yake, unatandaza nepi juu ya tenga. Baada ya muda zimekauka. Hewa ni ileile ya ukungu iliyoshindwa kuzikausha kambani siku tatu. Hatukuipunguzia maji, tumeipasha moto tu. Hewa ikipata joto inapata kiu. Hewa ya baridi inashiba kwa maji kidogo sana, ndiyo maana ukungu unaonekana: haina nafasi ya zaidi. Ipashe moto, tumbo linapanuka, yale maji iliyokuwa nayo yanakuwa si kitu, inaanza kunyonya popote inapoweza. Juu ya tenga inanyonya nepi. Ndani ya mashine inanyonya mayai.

Hesabu yake iko hivi. Hewa ya Dar es Salaam ya masika, nyuzi joto 28, unyevu asilimia 80, ukiiingiza kwenye mashine ikapanda hadi nyuzi 37.5, unyevu wake unashuka na kuwa kama asilimia 47. Asilimia 47 ni karibu kabisa na kile kinachotakiwa siku za mwanzo, 45 hadi 55. Ndiyo maana kule maji hayakuhitajika, na ndiyo maana mifereji miwili iliyojaa iliwazamisha. Sasa chukua hewa ya Njombe ya asubuhi ya Julai, nyuzi 12, ukungu, unyevu asilimia 90. Ipashe mpaka 37.5. Inabaki kama asilimia 20. Ishirini! Hata Dodoma wakati wa kiangazi, ambako vumbi linaruka na midomo inapasuka, hewa yao ya mchana yenye nyuzi 25 na unyevu asilimia 45 ikiingia kwenye mashine inakuwa kama 22. Kwa yai lililo ndani ya mashine, Njombe ya ukungu na Dodoma ya vumbi ni mahali pamoja.

Kwa hiyo naomba tuache kuulizana, "Wewe unaweka maji kiasi gani?" Mwenzako wa Tanga akikuambia vikombe viwili, amesema kweli, kwa Tanga. Swali la kuuliza ni yai langu limepungua kiasi gani.

Kuna jambo la pili la huku kwetu, na hili watu wa pwani hawalijui kwa sababu haliwahusu. Tuko juu. Njombe mjini inakaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, na mvuke unapita kwenye vitundu vya ganda haraka kuliko pwani, kama robo zaidi. Yaani hata ukiweka unyevu wa asilimia 50 sawasawa na kitabu cha mashine kinavyosema, yai lako litakauka kupita kiasi. Mimi siku kumi na nane za mwanzo natembea kati ya 55 na 60, na mizani ndiyo iliyonifikisha hapo. Kitabu hakikunifikisha.

Tena kuku waliozoea milima mirefu hutaga mayai ambayo maganda yake yanabana mvuke zaidi, miili yao imejifunza. Lakini wengi wetu tunaagiza mayai ya mbegu kutoka Dar es Salaam, yanakuja kwa basi usiku kucha. Hayo ni mayai ya pwani, maganda yake yamejengwa kwa hewa ya pwani. Msiyachanganye kwenye trei moja na ya hapa mkategemea yaende pamoja. Na yakifika msiyaingize kwenye mashine na uchovu wa safari. Yalazeni yametulia, upande butu juu, nusu siku mpaka siku nzima, ndipo yaingie.

Hapo hapo niseme zuri moja la baridi yetu. Yai la kutotolesha likikusanywa linatakiwa likae penye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18, lisipite siku saba. Watu wa pwani wanahangaika kupata chumba cha namna hiyo. Sisi tunacho bure, stoo yoyote. Na yai lenye uchafu mdogo lipanguseni kavu, msilioshe, maana kuna utando mwembamba juu ya ganda unaozuia vijidudu. Ukiuosha umeacha vitundu wazi.

Sasa mizani. Hii hapa ni mizani ya jikoni, ya betri, inasoma gramu moja moja. Bei yake haifiki hasara ya trei moja iliyofia ndani. Kazi yake ni hii. Siku ya kuweka mayai, pima kila yai, andika uzito wake juu ya ganda kwa penseli. Penseli, mama zangu, si kalamu ya wino. Jumlisha, andika kwenye daftari. Siku ya saba unapomulika na kutoa yasiyo na mbegu, yale uliyoyatoa yatoe na kwenye hesabu kwa uzito wake ule wa kwanza. Yaliyobaki yapime. Kwa trei yetu ile ya gramu 1,260, kama hakuna yai lililotoka, siku ya saba inatakiwa imepungua kama gramu 64, siku ya kumi na nne kama 127, siku ya kumi na nane 164. Ukikuta siku ya saba imepungua gramu 90, mayai yanakimbia, ongeza unyevu. Ukikuta 35, yamezubaa, punguza maji na fungua matundu ya hewa. Bado una siku kumi na moja za kurekebisha. Huo ndio utamu wa mizani, inakuambia mapema wakati bado kuna la kufanya. Kigoda kinakuambia siku ya ishirini na mbili.

Misri, karne nyingi kabla ya umeme, walitotolesha mayai kwa maelfu ndani ya majumba ya matofali ya udongo, na mtunzaji alipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho lake. Alikuwa analiuliza yai lenyewe. Nami nikiweka trei kwenye mizani naona nafanya kazi ya yule mtunzaji.

Mtaniuliza, unyevu unaongezwaje? Hapa wengi tunakosea kwa kuongeza kina. Unachukua kopo refu unalijaza mpaka juu, unadhani umeweka maji mengi. Mvuke unatoka kwenye uso wa maji, kina hakiusaidii. Lita moja kwenye chupa na lita moja kwenye sinia si sawa hata kidogo, sinia linatoa mvuke mara nyingi zaidi. Ukitaka kuongeza unyevu, panua uso: weka chombo kipana, au simamisha sponji ndani ya maji inyonye na kutoa mvuke pande zote. Ukitaka kupunguza, funika nusu ya sinia kwa karatasi ya alumini. Mimi ndivyo ninavyofanya, nasogeza ile karatasi kama pazia. Maji yawe ya vuguvugu unapoongeza, maana ya baridi ya bomba letu la Julai yanashusha joto la mashine kwa muda mrefu. Yawe safi. Sponji ichemshwe kila awamu. Joto la mashine ndilo joto ambalo bakteria wanalipenda, na maji machafu ni kitanda chao.

Halafu msizibe matundu ya hewa kwa nia ya kutunza unyevu. Nimeona mtu ameziba kwa selotepu. Kifaranga anavuta hewa, na huku juu hewa yenyewe ni hafifu. Afadhali uongeze uso wa maji kuliko kumnyima pumzi.

Kuhusu kipima unyevu, vile vidogo vya duara au vya kidijitali vinavyokuja na mashine, msiviamini kabla ya kuvijaribu. Nimewahi kuwa na viwili ndani ya mashine moja, kimoja kinasema 48, kingine 63. Jaribio lake ni la chumvi. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kifuniko hicho pamoja na kipima unyevu ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, kama ya kuhifadhia chakula, acha usiku mzima. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hukaa kwenye asilimia 75. Asubuhi kama chako kinasoma 75, kizuri. Kama kinasoma 68, jua kinapunguza saba, andika kwa wino mgongoni, "ongeza 7". Kama kinaruka ruka, kitupe.

Asiye na kipima unyevu atumie vipimajoto viwili. Kimoja kikavu. Kingine kivalishe kipande cha kamba ya kiatu ya pamba, ile iliyo wazi katikati kama soksi, na ncha ya kamba iingie kwenye kikombe cha maji. Mashine yenye feni ikiwa na nyuzi 37.5, kipimajoto chenye soksi mbichi kikisoma 28 au 29 uko kwenye asilimia 50 hadi 55. Kikisoma 32 uko karibu na 70. Kamba ikikakamaa kwa chokaa ya maji ibadilishe, maana itadanganya.

Sasa siku ya kumi na nane. Hapa sheria inageuka. Kazi ya kupunguza maji ya yai imekwisha, inayobaki ni kulinda ule utando usikauke wakati kifaranga anajikata. Acha kugeuza mayai, yalaze, toa mizani mezani, panua uso wa maji mpaka unyevu ufike 65 hadi 70. Kisha funga mlango. Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo upendo wetu unapoua. Kifaranga wa kwanza akitoboa ganda nyumba nzima inakuja. Watoto wanataka kuona, jirani anataka kuona, unafungua, unamtoa aliyekauka, unafunga, baada ya nusu saa unafungua tena. Kila ukifungua huku kwetu, hewa yenye nyuzi 12 inaingia, inapashwa moto, na mnajua sasa inageuka kuwa nini. Inakwenda moja kwa moja kwenye tundu la yule aliyekuwa amefika nusu. Utando wake unakauka ukimbana. Umemtoa mmoja aliyekuwa salama, umefunga mlango kwa watano.

Aliyetoka hana njaa. Ameingiza kiini cha yai tumboni kabla ya kutoka, na kiini hicho kinamtosha siku mbili, hata tatu. Mwache akauke humo humo na wenzake wamsikie, maana mlio wake unawaamsha walio ndani ya maganda. Mimi nafungua mara moja tu, kundi kubwa likishakauka. Watoto wangu nimewawekea kioo.

Wakianza kutoka kwa wingi mtaona unyevu unapanda wenyewe, 75, 80, kioo kinatoka jasho. Msishtuke, ni maji ya miili yao. Hapo fungueni matundu yote ya hewa, wanahitaji hewa kuliko wakati wowote.

Na yule aliyetoboa akakwama? Hili ndilo swali ninalopigiwa simu usiku. Kutoboa mpaka kutoka huchukua saa 12, saa 18, hata saa 24, na muda mwingi amelala tu. Anapumzika, anavuta damu iliyobaki kwenye utando na kumalizia kiini. Ukimbandua mapema utaona damu, na ukiona damu umeshamuumiza. Subiri saa 24 tangu tundu la kwanza. Baada ya hapo, kama bado analia na utando pembeni ya tundu umekuwa mweupe, mkavu, bila mshipa hata mmoja, lowesha pamba kwa maji ya vuguvugu, lainisha ule utando, vunja ganda kidogo kidogo kwa duara, kisha mrudishe ajitoe mwenyewe. Ukiona mshipa mwekundu, simama, mrudishe. Wapo watakaosema mwache afe, ni dhaifu. Mimi siko nao. Aliyebanwa na utando kwa sababu mimi nilikosea maji hana udhaifu wowote wa kwake. Deni ni langu.

Nimeona mkono wa mzee kule, anauliza bata. Hesabu ya uzito ni ileile, zinabadilika siku. Kware 17 au 18, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28, na bata wetu hawa wa kijijini wenye vinundu vyekundu usoni wanakwenda mpaka 35. Kugeuza kunasimama siku tatu kabla ya mwisho, na hapo ndipo unyevu unapanda. Ganda la kanga ni gumu na zito, linatoa maji polepole, kwa hiyo usimwekee maji mengi eti kwa sababu kuku alihitaji. Mwulize naye kwa mizani.

Sasa inukeni mnifuate, mashine iko chumba hiki cha kwanza. Ni jokofu bovu nililolifunga themostati, feni na taa. Ndani kuna trei moja, leo ni siku yake ya kumi na mbili. Nilianza na mayai 30, siku ya saba nikatoa matatu yasiyo na mbegu. Hayo 27 yaliyobaki, siku ya kwanza yalikuwa na gramu 1,131, angalieni daftari, na kila yai namba zake ziko juu ya ganda. Tangu juzi sijapima, nimewasubiri ninyi. Kwa siku kumi na mbili nataka yawe yamepungua gramu 90 mpaka 106, yaani mizani isome kati ya 1,025 na 1,041. Ikisoma hapo, sinia na karatasi yake vinabaki vilivyo. Ikisoma pungufu, tunavuta karatasi pamoja sasa hivi, tunaongeza uso wa maji. Ikizidi, tunafunika.

Funga mlango wa nje kwanza, kijana, hewa isiingie. Trei tupu nimeshaipima, mizani iko sifuri. Mama, wewe uliyekaa karibu na jiko, macho yako ni mazima, sogea hapa utusomee namba kwa sauti.